Muheshimiwa na Masanduku ya Leta

Jina lake sitalitaja, na msidhani ni woga. Ni kwamba analipenda mno kulisikia, na mimi sina nia ya kumpa raha hiyo. Hapa Kasongo kila mtu anamwita Muheshimiwa, hata wale wanaotema mate akishapita, hata miaka ile alipokuwa hana cheo chochote. Alikuwa shefu wa sekta moja upande wa njia ya Kabambare. Akaondolewa. Akataka udepite, yaani kiti cha ubunge, akakosa, akautaka tena. Mimi ninauza vikwembe, yaani vitenge, duka langu linatazamana na baraza ya nyumba yake, na tangu ahamie pale nimemwona asubuhi hadi jioni. Mkewe mwenyewe hakumwona kiasi hicho, maana yeye alikuwa na shamba la kukimbilia.

Enzi za ushefu wake alitembea na kashe ya Leta, yaani muhuri wa serikali, mfukoni. Nasema mfukoni mwa suruali, imefungwa kwenye leso, na kikopo cha wino mfuko wa shati. Ofisini kulikuwa na meza yenye kufuli kwa ajili ya kazi hiyo, lakini hakuiamini meza. Kila shati lake lilikuwa na doa la zambarau kifuani, na wajinga walidhani ni alama ya kazi nyingi. Siku moja tuko uani kwa jirani aliyefiwa, jeneza limeshainuliwa, wabebaji wanageuka kutoka, akatokea mwendesha baiskeli wa mafuta ya mawese na kibali chake cha njia. Alikuwa amemfuata Muheshimiwa tangu ofisini. Mtu mwingine angemwambia asubiri. Yeye akainua mkono kuwazuia wabebaji, akamgeuza yule bwana, akaweka karatasi mgongoni kwake, akapiga kashe, pa! Sheikh akakatisha dua. Wabebaji wamesimama na uzito begani, maiti anasubiri.

"Leta haina konje," akasema, yaani serikali haina likizo, akakunja leso yake taratibu.

Yaani hakuona aibu hata chembe. Sisi wanawake tulijifunika mitandio usoni, wengine wakilia, wengine, Mungu atusamehe, wakicheka. Mjane wa marehemu hakucheka. Amekula chumvi nyingi yule mama, lakini siku hiyo alisema neno ambalo siwezi kuliandika.

Alikuwa na Kifaransa cha kudanganyia na Kiswahili cha kuombea. Akianza na "wandugu zangu," ujue anataka mbuzi. Akianza na "effectivement," yaani "naam, hakika," ujue kitu chako hakipo tena. Walimu walikuja kuuliza mishahara, akawaambia "effectivement," wakageuka wakarudi zao bila kusikiliza kilichofuata. Kina mama wa soko walikuja kuuliza ushuru wao umejenga nini. Effectivement! Mpaka watoto wa mtaa wakawa wanaitana hivyo wakiibiana maembe.

Lakini haki yake nimpe, maana nisipompa mtasema ni chuki tu. Mtu yule hasahau kitu. Kichwa chake ni cha ajabu. Atakuambia mtoto wako wa tatu alizaliwa wakati gani, mvua ilikuwa inanyesha au la, na nani alimpeleka mama yako kliniki. Siku moja alisimama dukani kwangu akitafuna karanga, akaniambia:

"Mama Aziza, siku ya ndoa ya binamu yako ulivaa kikwembe ya maua manjano, na ulimunyima shangazi yangu wali."

"Shangazi yako alikuwa amekula mara mbili," nikamwambia.

"Mara mbili na nusu. Ile nusu ulimuonea."

Na ni kweli! Nilimwonea. Jambo lenyewe la zamani hata mwenye tumbo alikuwa amelisahau. Na mwandiko wake, jamani, ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu yeyote. Vitabu vya vizazi, vya ndoa na vya vifo vya sekta yake aliviandika mwenyewe, hakumwachia karani, na kila jina limekaa mahali pake. Ndiyo maana simsamehei. Angekuwa mjinga ningemsamehe, wajinga tunao wengi na tunawapenda.

Tena alikuwa jasiri, kwa namna yake. Watu wenye silaha walipokuja upande ule, kijiji kizima kilikimbilia msituni. Watu wakabeba magodoro, sufuria, kuku. Yeye aliwabebesha polisi wake masanduku mawili ya bati yenye vitabu vya Leta, akaacha mbuzi wa mama mkwe wake wamefungwa kambani. Huko msituni mvua ilipowakuta alivua koti lake la mvua akafunika masanduku, na mwanawe akalowa. Waliokuwa naye ndio walionisimulia. Nami nilimsifu kwa mdomo wangu huu huu, nikasema huyu ndiye kiongozi, wengine wote ni wezi wa chumvi. Kwa sababu ndani ya masanduku yale alikuwemo kila mtu wa sekta ile: nani kazaliwa, nani kaoa nani, nani kafa.

Sasa sikilizeni alichokifanya na hayo aliyoyaokoa.

Alipoondolewa kazini ilibidi wafanye remise-reprise, yaani makabidhiano kati ya anayetoka na anayeingia. Asiyekaa kwetu hatanielewa nisipoeleza. Ni siku kubwa. Kuna bendera, kuna ngoma, mbuzi wanachinjwa. Wakubwa wawili wanasimama mlangoni mwa biro, ndiyo ofisi, karani anasoma: meza. Anayetoka anasema iko, anayeingia anasema iko. Viti. Iko, iko. Sanduku la arshive, yaani vitabu vya kumbukumbu. Hapo sanduku linaonyeshwa limefungwa, wote wawili wanalipiga kofi juu ya kifuniko, iko, iko, wanatia sahihi, watu wanashangilia. Kufungua hakuruhusiwi. Hakuna sheria iliyokataza, ni heshima tu. Ukifungua sanduku mbele ya mwenzako umemwita mwizi mbele ya wakwe zake, na ugomvi huo hautaisha mpaka wajukuu. Shefu mpya alikuwa mtu mpole, mlokole, aliyekuwa kafundisha shule miaka mingi. Akapiga kofi, iko, akatia sahihi.

Kesho yake akafungua. Akakuta mabango ya uchaguzi uliopita, chandarua kilichochanika na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Masanduku yale mawili ya kweli yalikuwa yameshaondoka na Muheshimiwa, kwenye gari lililobeba vitanda vyake kuja Kasongo.

Mtasema, kwa nini yule mpole hakupiga kelele? Apige kelele aseme nini, na sahihi yake iko pale? Alikuwa amekubali kwa mkono wake kwamba amepokea arshive. Akanyamaza akaomba. Na maombi yake yalijibiwa vibaya: kiangazi kikaja, watu wakachoma mashamba yao, upepo ukaleta moto mpaka kibanda cha nyasi nyuma ya biro, shefu mpya alikokuwa amelificha lile sanduku, nalo likaungua na mabango yake na kiatu chake. Basi wote wawili wakamshukuru Mungu. Wakaguzi walipofika kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo, kuuliza vitabu viko wapi, hasa vile vya ushuru wa mapikipiki yanayopeleka bidhaa Salamabila kwa wachimba dhahabu, shefu mpya akasema vimeungua. Wakamwita Muheshimiwa. Akavaa koti, akasema, "Effectivement, archives zote ziliungua." Wakaguzi wakapiga picha majivu, wakala kuku, wakarudi kwao. Tangu siku hiyo masanduku yale yalikuwa yameungua kwa mujibu wa Leta.

Nami kila asubuhi nilikuwa nayatazama! Aliyaweka barazani kwake, moja kila upande wa mlango, kayafunika vitambaa vyeupe vya kudarizi, na wageni wake wakikalia. Mtaa mzima ulijua. Kuna waliocheka. Wengi walinyamaza kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu chake mle ndani, na alitumaini kwamba siku yake ikifika atakuja na jogoo, na Muheshimiwa atainua kitambaa. Na kweli alikiinua, mara moja moja, kwa watu aliowataka, karatasi za zamani tu zisizo na madhara, tena bila shahidi. Alipenda waje. Alipenda kuwatazama wakitafuta maneno. Angekuambia kaa, ukakaa juu ya sanduku, halafu angekuuliza habari za watu wote wa kwenu mmoja mmoja, kwa majina, huku wewe matako yanakuuma na shida yako iko chini yako.

Yaya wangu alikaa hapo pia.

Yaya ndiye dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Hakusoma. Mume wake alikuwa akinunua samaki Nyangwe na kuja kuwauza hapa, mtu mwenye bidii na mwenye mzaha, na alikuwa na shamba la michikichi Lusangi na nyumba ya bati mjini. Walipooana, sheikh aliwafungisha, halafu bwana akasema nataka na ya Leta, nataka mke wangu aandikwe. Wakaenda biro ya sekta. Muheshimiwa mwenyewe ndiye aliyewafungisha, kavaa ule mshipi wake wa bendera, na mimi nilikuwepo. Alikula mbuzi, akacheza, akamtania yaya kwamba analia kwa furaha ya kupata samaki wa bure. Yaya akaweka kidole gumba kwenye wino, kwenye kitabu. Doa lilimkaa kidoleni, naye hakulisugua.

Bwana alikufa kwa homa. Arobaini haijafika, ndugu zake wakaja. Wakasema huyu si mke, huyu alikuwa mwanamke wa kukaa naye tu, hakuzaa na ndugu yetu, nyumba ni ya ukoo na shamba ni la ukoo. Sheikh aliyefungisha ndoa alikuwa amekwisha kufa. Na mashahidi wa ndoa? Walikuwa ndio hao hao mashemeji! Wale wale waliokula pilau wakijilamba vidole. Wakasema hawakumbuki ndoa yoyote. Mimi nikataka kushuhudia, nikaambiwa wewe ni damu yake, neno lako ni jepesi. Juji, hakimu wa tribinali, akasema lete karatasi ya Leta. Yaya akaenda sektani, shefu mpole akamwonyesha majivu, akamwombea.

Ndipo akaja kukaa barazani kwa Muheshimiwa. Nilifunga duka nikafuatana naye.

"Pole sana, Mama," akasema, na sura ya huzuni aliivaa vizuri, najua kazi nikiiona. "Bwana yako alikuwa rafiki yangu. Lakini ile makaratasi iliunguaka yote."

"Papa Muheshimiwa," yaya akasema, "miye sijue kusoma. Lakini kitu minakalia, najua."

Akacheka kidogo. Kisha akasogeza kiti chake karibu, akashusha sauti, na hapo akasema ukweli, nadhani ndiyo mara moja tu nimemsikia.

"Mama, tusikilizane. Karatasi moja ikitoka humu, watu wa Kindu watauliza ingine iko wapi. Ile ingine njo itanifunga. Unataka nifungwe ju ya nyumba ya bati?"

Yaya alifikiri. Yeye si mtu wa kupiga kelele, kelele nimepewa mimi.

"Basi usitoe karatasi," akamwambia. "Kuja tu mbele ya juji. Sema kwa mudomo yako kama ulituoesha. Mudomo haiunguake."

"Njo vile!" akasema, akampiga bega. "Hiyo naweza. Nitakuja, Mama. Mimi nasahauaka mutu?"

Na alikuja, msiseme hakuja. Alikuja na koti, na kalamu zimepangwa mfukoni. Siku hiyo yaya alivaa kikwembe nilichompa mimi, kipya, hajakifua. Alikuwa na uhakika. Juji akauliza wazi kabisa: wewe kama shefu wa sekta, uliwafungisha ndoa mwanamke huyu na marehemu? Muheshimiwa akakohoa. Hapo nikajua tumekwisha.

"Effectivement, monsieur le juge, ndoa nilifungisha nyingi. Huyu mama simukumbuke. Bila rejista siwezi kusema nilikuwa pale."

Simukumbuke! Mtu anayekumbuka wali niliomnyima shangazi yake, na nusu ya sahani! Nilisimama nikapiga kelele, nikamwita jina ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha Leta, polisi akanikalisha. Karani wa tribinali akaandika maneno ya Muheshimiwa yote, naye akatia sahihi chini bila haraka. Nje, chini ya lile paa la bati, mashemeji walimshika mkono mmoja mmoja. Ukoo wao ni mkubwa, umejaa kuanzia hapa mpaka ng'ambo ya mto, na yeye alikuwa anataka udepite. Basi. Hakuna kitu kingine cha kutafuta hapo. Aliuza mke wa rafiki yake kwa kura, na kura zenyewe hakuzipata, kwa sababu mashemeji wale walimpigia mtu mwingine. Hiyo ndiyo habari pekee ya mwaka ule iliyonifurahisha.

Nyumba iliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa dhahabu wa Salamabila. Walianza kung'oa bati yaya akiwa ndani anafagia. Alimaliza kufagia, akaja kwangu na kinu chake na mkeka, akakaa chumba cha nyuma, na yuko hapo mpaka leo. Shamba la Lusangi analilima shemeji mkubwa. Yaya wangu, aliyenifundisha kuosha uso, amekuwa mgeni wa kudumu uani kwangu, na kila nikimpa sahani anasema aksanti. Neno hilo linaniua. Hakuna siku nimelizoea.

Na jirani yangu je? Alinisalimia kila asubuhi! Aliinua mkono barazani, "Mama Aziza, umeamuka?" Nikawa namwagia maji mlangoni kwangu vumbi lisipande, na maji mengine yakivuka barabara bahati mbaya. Niliwahi kuona wezi wenye haya. Kuna mmoja aliniibia mtungi, mpaka leo akiniona anakata kona. Huyu hana kona.

Mwaka jana Leta ikatangaza kwenye redio kwamba kila aliyeshika karatasi za serikali nyumbani azirudishe, na atakayekuja mwenyewe hataulizwa. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mwenzenu alisikia tangazo hilo kama ameitwa jina. Hakurudisha tu kimya kimya, la! Alikodi pikapu, akaifunga makuti, akaita kwaya na akaita kasida, ili asiachwe Mkristo wala Mwislamu. Masanduku yakapandishwa bila vitambaa vyake, naye kasimama katikati yake, wakazunguka mji. Mbele ya wakubwa akahutubia kwamba wakati wa vita alihatarisha roho yake, wakati wa moto alihatarisha roho yake, akayaficha kwa ajili ya watoto wa Maniema. Shefu mpole alikuwepo, akapiga makofi, afanye nini? Muheshimiwa akapewa diploma ya shukrani, na sasa imetundikwa barazani kwenye fremu.

Masanduku yalifunguliwa safari hii. Vizazi vilikuwemo, ndoa zilikuwemo, vifo, hata vibali vya baiskeli. Vitabu vya ushuru wa njia ya Salamabila havikuwemo. Wakamuuliza. Akasema hivyo ndivyo, effectivement, vilivyoungua. Dosiye yake, faili la kesi ya ushuru huko parke kwa waendesha mashtaka, ikafungwa kwa uzi.

Halafu akaanza kampeni, na kampeni yake ilikuwa kugawa nakala. Alikaa biro ya sekta siku nzima na kalamu zake, shefu mpole anapiga kashe, yeye anaandika kwa mkono ule mzuri, kisha anapita nyumba kwa nyumba: wewe hii ya ndoa yako, wewe hii ya kuzaliwa mwanao, msinisahau siku ya kura. Na watu walipokea wakishukuru! Waliletewa mali yao na mwizi, wakamtandikia mkeka.

Jumanne iliyopita ikawa zamu yetu.

Yaya alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Muheshimiwa alipita dukani moja kwa moja, bila hodi, na bahasha mkononi. Amezeeka. Koti linamning'inia, magoti hayamtii. Nilikuwa na mkasi mkononi, nakata kikwembe, na nitasema wazi kwamba niliuweka chini kwa hiari yangu.

"Mama," akamwambia yaya, "nimekuleteaka furaha yako. Leta haisahauake mutu."

Yaya akafuta mikono. Akaipokea bahasha, akatoa karatasi, akaitazama pande zote mbili, akamrudishia.

"Nisomee, Papa. Miye sijue kusoma."

Hilo kwake lilikuwa karamu. Akavaa miwani. Akasoma jina la bwana, jina la yaya, majina ya mashahidi, ndio wale mashemeji, mmoja mmoja. Sauti yake ni nzuri, siwezi kukataa. Jina la yule bwana wa samaki lilipotajwa, yaya alifumba macho.

"Na hapa chini ni nini, kwenye kashe?"

"Hapa ni mukono yangu mwenyewe," akasema, na akajinyoosha. "Hii wengine hawana, nimeandikia wewe tu, ju ya heshima." Akasoma: "Mimi niliyekuwa shefu wa sekta ninathibitisha kwamba niliifungisha ndoa hii mwenyewe, nilikuwa pale, na ninaikumbuka vizuri."

"Soma tena pale mwisho."

Akasoma tena. Kwa sauti kubwa zaidi, jirani wasikie.

Yaya akanyoosha mkono, akaichukua ile karatasi kwenye vidole vyake, akaikunja. Akasema polepole:

"Kumbe siku ile mbele ya juji, ulikuwa unanikumbuka."

Muheshimiwa akanyoosha mkono kuitaka karatasi. Miwani ikamshuka puani. Alikuja kufanywa shujaa, na kichwa kile kisichosahau kitu kilikuwa kimesahau jambo moja, kwamba yaya naye hasahau.

"Mama, ile ilikuwa politike," akasema. "Njo imepita. Nirudishie kidogo ile karatasi, kuna fote pale chini, niirekebishe."

Yaya akaitia karatasi kifuani, ndani ya blauzi. Akaingia chumba cha nyuma. Akatoka amevaa mtandio wa kutokea na viatu vyangu, bila kuniomba.

"Tribinali wanachungaka maneno ya watu?" akaniuliza.

"Wanachunga, yameandikwa. Alitia sahihi, nilimwona."

"Basi twende parke."

Muheshimiwa akanigeukia mimi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatabasamu. "Mama Aziza, umuambie yaya yako. Wandugu zangu. Tunaweza kusikilizana. Ile nyumba tunaweza kuona."

"Mtaonana mbele ya juji," nikamwambia. "Toka, nafunga duka."

Hakutoka. Ilinibidi nimshike mkono wa koti nimvushe kizingiti, mchana kweupe, watu wanatazama. Nilipomaliza kufunga kufuli na kugeuka, yaya alikuwa ameshafika mwisho wa mtaa, na alikuwa anatembea haraka.